Programu ikifa, huacha wosia gani?

Nimeadimika kwa wiki kadhaa, na baadhi yenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa nikipanga makabati ya ofisini, na katika kupanga nikakuta daftari langu la mwaka 2016. Ndani yake kuna kisa ambacho sikuwahi kukisimulia hapa, kwa sababu ya aibu. Leo nitakisimulia, halafu nitawarudisha nyuma hadi mwaka 1971, kwa maana yaliyonipata yalikuwa yamewapata wengine mara nyingi kabla yangu.

Mwaka huo nilikuwa nimekiandikia chama kimoja cha ushirika cha wafugaji programu ya rununu ya kupima maziwa. Kazi yake ni rahisi kueleza. Alfajiri wakulima wanafika kituoni, karani anapima maziwa ya kila mmoja kwenye mizani ya kielektroniki, mizani inatuma uzito kwa rununu kupitia Bluetooth, na rununu inaandika: mkulima nambari fulani, kilo kadhaa. Mwisho wa mwezi mkulima analipwa kwa kilo hizo. Yakishapimwa, maziwa yanamiminwa kwenye mkebe mkubwa pamoja na ya wenzake. Kuanzia hapo hakuna binadamu anayeweza kuyatenganisha tena.

Asubuhi moja karani akanipigia simu.

"Kijana wangu, hii programu yako imetoka yenyewe."

"Imetoka vipi, mama?"

"Nilikuwa napima. Imepotea, ikanirudisha kule mwanzo wa simu. Nimeifungua tena, orodha ni tupu."

"Pole, mama. Ulikuwa umepima wangapi?"

"Arobaini na watatu. Na wote wameshaenda nyumbani."

Programu yangu ilikuwa ikishikilia vipimo vyote kwenye kumbukumbu hadi karani abonyeze "Maliza", ndipo iviandike kwenye hifadhi. Jumla ya maziwa tuliijua, maana mikebe ilikuwa pale pale. Fungu la kila mtu ndilo lililopotea. Chama kikaamua kila mmoja ahesabiwe kipimo chake cha jana. Sasa kulikuwa na mzee mmoja ambaye ng'ombe wake wa pili alianza kuleta maziwa kituoni siku hiyo hiyo. Kwake yeye, kipimo cha jana kilikuwa nusu ya haki yake. Hakugombana na mtu. Aliniuliza tu, "Lile daftari la zamani lilikuwa na shida gani?"

Sikuwa na jibu.

Kwanza, kwa wale ambao si watu wa fani hii, nieleze kilichotokea. Programu nyingi za Android huandikwa kwa Java au Kotlin. Huko programu ikikosea, mfumo unaojua lugha hiyo hulitambua kosa, hulipa jina, na mwandishi anaweza kulidaka na kuendelea. Lakini mtengenezaji wa mizani alikuwa amenipa maktaba iliyoandikwa kwa lugha ya C, ambayo hugeuzwa kuwa amri za prosesa moja kwa moja. Huo ndio tunaouita msimbo asilia. Una kasi, na unaweza kuzungumza na vifaa vya kila aina, ila hauna mlezi. Ukigusa kumbukumbu isiyokuwa yako, prosesa hukataa, kerneli huletewa mashtaka, na kerneli huitumia programu yako ishara nambari 11, iitwayo SIGSEGV. Usipokuwa umepanga lolote, maana ya ishara hiyo ni kifo. Na hafi yule aliyekosea peke yake: kila kilichokuwa ndani ya mchakato huo, pamoja na vipimo vya watu 43, kinakwenda naye.

Nikafanya wanavyofanya vijana wengi wakiona jambo hili mara ya kwanza. Nikasema, kama ishara inakuja, nitaidaka! Nikaandika kipande cha msimbo cha kuipokea SIGSEGV, kuhifadhi orodha kwenye hifadhidata, kisha kuendelea na kazi. Nikaona nimemaliza.

Wiki iliyofuata karani akapiga tena. Safari hii programu haikutoka. Iliganda. Skrini inawaka, orodha inaonekana, lakini hakuna kinachosogea ukiigusa. Alisubiri, foleni ikarefuka, mwishowe akatoa betri. Orodha ikapotea vile vile. Nilikuwa nimemtengenezea ugonjwa mbaya kuliko ule wa kwanza, maana programu iliyokufa unaweza kuifungua upya, lakini iliyoganda inakupa matumaini ya uongo huku saa zikienda.

Hapo ndipo nilipoacha kubahatisha nikaanza kusoma historia.

Turudi mwaka 1971. Toleo la kwanza la mwongozo wa Unix, la Novemba mwaka huo, tayari lina ukurasa unaoeleza faili iitwayo core. Programu ilipokosea vibaya, Unix ilichukua picha ya kumbukumbu yake yote na kuiandika kwenye faili hiyo. Jina lilitokana na kumbukumbu za enzi hizo, zilizokuwa vipete vidogo vya sumaku vilivyoitwa hivyo kwa Kiingereza. Vipete vimetoweka zamani, jina limebaki hadi leo. Angalieni lilivyo jambo la busara: Unix haikujaribu kumponya mgonjwa. Ilimwacha afe, ikahifadhi maiti ili daktari aje kuichunguza baadaye.

Huo haukuwa uvivu. Tom Van Vleck, mmoja wa waliojenga mfumo wa Multics, amesimulia kwamba aliwahi kumlalamikia Dennis Ritchie, mmoja wa waanzilishi wa Unix, kuwa nusu ya msimbo anaouandika ni wa kujinasua kutoka kwenye makosa. Ritchie akamjibu kwamba wao huko Unix waliyaacha yote hayo. Kosa likitokea, mashine inaanguka, na unapaza sauti ukumbini ili mtu aiwashe upya. Tunaweza kucheka, lakini ndani ya jibu hilo kuna maarifa: msimbo wa kujinasua nao ni msimbo, nao hukosea.

Hapo nikaelewa kwa nini programu yangu iliganda. Ishara inapofika, uzi uliokosea hukatizwa palepale ulipo. Tuseme ulikuwa katikati ya kuomba kumbukumbu kwa malloc, na malloc ilikuwa imefunga kufuli ili uzi mwingine usiingilie. Kipande changu cha uokoaji kinaanza kukimbia juu ya uzi ule ule. Kinaiita hifadhidata, hifadhidata inaomba kumbukumbu, malloc inasema subiri mwenye kufuli amalize. Mwenye kufuli ni nani? Ni yeye mwenyewe! Anajisubiri, na atajisubiri hadi betri itolewe. Ndiyo maana kanuni za POSIX zina orodha fupi ya kazi zinazoruhusiwa ndani ya kipokea ishara. Kuandika baiti kwa write kumo. Kujiua kwa _exit kumo. Malloc na printf hazimo. Kumwachia mchakato unaokufa kazi ya kuhifadhi data ni sawa na kumwomba majeruhi aliyepigwa kichwani akufungie hesabu za duka.

Kwa miaka mingi faili ya core ilitosha, kwa sababu maiti na daktari walikuwa chumba kimoja. Mambo yalibadilika programu zilipoanza kuuzwa kwa mamilioni ya watu. Programu inaanguka Kisumu, aliyeiandika yuko Marekani. Atajuaje? Wengi wenu mnakumbuka Windows XP ya mwaka 2001 na kile kidirisha chake kilichouliza kama ungependa kutuma ripoti kwa Microsoft. Katika saiba niliyoizoea tulikuwa tunalipia kila dakika, kwa hivyo jibu letu lilikuwa moja: usitume! Lakini waliotuma walikuwa wengi vya kutosha. Oktoba 2002 Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa Microsoft, aliwaandikia wateja kwamba ripoti hizo zimewafunza jambo: takribani asilimia 20 ya hitilafu ndizo zinazosababisha asilimia 80 ya makosa, na asilimia 1 pekee inasababisha nusu yake. Bila wosia wa marehemu wale, wangejuaje waanzie wapi?

Wosia huo ilibidi uwe mfupi. Huwezi kutuma kumbukumbu nzima kwa modemu ya simu. Microsoft ikabuni faili ndogo, yenye yale tu ya lazima: hali ya rejista za prosesa, mrundikano wa kila uzi, na orodha ya maktaba zilizokuwemo. Muundo huo ukaja kuazimwa na Breakpad, mradi wa msimbo huria wa Google, ambao Firefox 3 ya mwaka 2008 iliutumia. Breakpad kwenye Linux ndiyo iliyonifunza zaidi ya vyote. Inapopokea ishara, haijiamini hata kidogo. Haigusi malloc, ina akiba yake ya kumbukumbu iliyotengwa pembeni. Haipiti kwenye maktaba ya C, inaiomba kerneli moja kwa moja. Halafu inazaa mchakato mwingine, na huyo mtoto, mwenye akili timamu, ndiye anayemtazama mzazi anayekufa na kuandika ripoti. Jambo kuu ni hilo: anayeandika habari ya kifo asiwe yule anayekufa.

Mwaka huo huo wa 2008, mwezi wa Septemba, kivinjari cha Chrome kilitoka kikiwa kimeisukuma fikra hiyo mbele zaidi. Badala ya kurasa zote kukaa katika mchakato mmoja, kiliziweka katika michakato mbalimbali. Ukurasa mmoja ukianguka, kivinjari chenyewe kinabaki kimesimama, na zile zilizo katika michakato mingine haziguswi. Kuanguka hakukukomeshwa. Kulizungushiwa ukuta.

Na rununu je? Kabla ya Android, wengi wetu tulikuwa na Nokia za Symbian. Mimi nilikuwa na N70, na niliipenda kupita kiasi. Symbian ilitokana na mfumo wa tarakilishi ndogo za Psion, mashine zenye kumbukumbu finyu ambazo zilitakiwa kukaa muda mrefu bila kuzimwa na kuwashwa upya. Waliouunda walitofautisha mambo mawili ambayo mpaka leo watu wanayachanganya. Kuna shida ya kawaida, kama kumbukumbu kujaa au faili kukosekana. Hiyo programu ilitakiwa iitarajie, irudi nyuma kwa utaratibu na kusafisha kila ilichokuwa imeshika. Halafu kuna kosa la mwandishi mwenyewe, kama kugusa anwani ya sifuri. Hilo lilikuwa na adhabu moja tu, kuuawa papo hapo, na sababu ikaandikwa KERN-EXEC 3. Tena mtumiaji wa kawaida hakuonyeshwa sababu hiyo. Aliambiwa programu imefungwa, basi. Sisi wadadisi tulifundishana siri: tengeneza faili tupu iitwayo ErrRd kwenye folda fulani, na simu itaanza kukutajia ugonjwa kwa jina.

Mimi 2016 niliyachanganya mambo hayo mawili. Nilitaka kulitendea kosa la mwandishi kana kwamba ni kumbukumbu iliyojaa.

Android ilipokuja mwaka 2008, programu za watu wa nje ziliandikwa kwa Java tu. Juni 2009 Google ikatoa vifaa vya kuandikia msimbo asilia, na mlango ukafunguka. Mwaka 2011 Huawei IDEOS ikaingia Kenya kwa karibu shilingi 8,000, na ghafla wanafunzi wakawa na Android mfukoni. Msimbo asilia ulipoanguka kwenye simu hizo, kulikuwa na mhudumu aitwaye debuggerd aliyekuwa akingoja pembeni. Alikuja, akamchunguza marehemu, akaandika habari zake kwenye folda ambayo wenyewe wameipa jina la tombstones, yaani mawe ya makaburi. Na kweli ni kaburi: ishara ipi, anwani ipi iliguswa, mrundikano ulikuwa umefika wapi. Katika matoleo ya zamani ungekuta anwani deadbaad, utani wa mafundi. Mfumo ukigundua kumbukumbu imevurugwa, uligusa anwani hiyo makusudi ili uanguke.

Mwaka 2014 Android 5.0 ilileta mtego mwingine kwa wajuaji kama mimi. ART, mfumo mpya wa kuendeshea programu, yenyewe hutumia SIGSEGV kutambua makosa ya kawaida ya Java, kama kutumia kitu kisichokuwepo. Kwa hivyo si kila SIGSEGV ni msiba, nyingine ni salamu tu kati ya ART na prosesa. Ukiweka kipokea ishara chako, lazima uwapishe waliokutangulia na uwapasie kisichokuhusu. Usipofanya hivyo, utauzima mfumo kwa ujanja wako.

Lakini kaburi lenyewe lilikuwa na uzio. Mwandishi wa kawaida hakuweza kulisoma jiwe la programu yake kwenye simu ya mteja, ilibidi aunganishe simu kwa waya. Ni mwaka 2020, kwa Android 11, programu ilipopewa njia rasmi ya kuuliza ikiamka: mara ya mwisho nilikufaje? Na mwaka 2021, kwa Android 12, ikaruhusiwa kusoma jiwe lenyewe la kifo cha msimbo asilia. Miaka 50 baada ya faili ya core! Tazameni pia anayeuliza ni nani: ni mchakato mpya, wenye afya, ukisoma habari za uliotangulia.

Kabla sijarudi kwenye maziwa, kuna kisa kimoja zaidi. Julai 2015 ilitangazwa hitilafu ya Stagefright, maktaba ya Android ya kusoma video, iliyogunduliwa na Joshua Drake. Ujumbe wa video uliotengenezwa kwa hila ungeweza kumpa mgeni nafasi ya kuingia katika simu yako. Pale hatari haikuwa kuanguka. Hatari ilikuwa programu iliyovurugika kuendelea kutembea huku mtu mwingine ameshika usukani. Android 7.0 ya mwaka 2016 ikajibu kwa njia mbili. Kazi za video na sauti zikagawanywa katika michakato kadhaa yenye ruhusa finyu, na hesabu za ukubwa zikiwekewa ulinzi kiasi kwamba zikifurika, mchakato unajiangusha wenyewe. Mmeona? Wahandisi walichagua kuanguka, kwa makusudi, kama ulinzi.

Basi kuishughulikia ajali kwa ustaarabu hakumaanishi kuizuia programu isife. Maana yake ni ife mapema, ife peke yake, iache wosia, na isife na mali ya watu.

Nikarudi kwenye programu ya maziwa na kufuta kipokea ishara changu chote. Badala yake nilifanya mambo manne. La kwanza, kila kipimo kiliandikwa kwenye hifadhi palepale, na alama ya tiki haikutokea hadi kiandikwe. La pili, maktaba ya mizani niliihamishia mchakato wake peke yake, jambo linalohitaji mstari mmoja tu kwenye faili ya maelezo ya programu, halafu programu kuu ikazungumza nayo kupitia Binder. Binder ina huduma ya kupeleka habari za kifo: mchakato wa mizani ukifa, programu kuu inaarifiwa na kuuanzisha tena. La tatu, ukifa mara tatu ndani ya dakika moja, programu inaacha kuufufua na kumwomba karani aandike uzito kwa mkono. La nne, inamwambia ukweli kwa lugha yake: mizani imekatika, vipimo 43 vipo salama, endelea na wa 44.

Hitilafu yenyewe niliipata baadaye, kwa kuunganisha simu ya karani kwa waya na kusoma alichoacha marehemu. Mizani ikizimwa katikati ya ujumbe, uzi mmoja wa maktaba ulirudisha kipande cha kumbukumbu huku mwingine ukiendelea kukisoma. Mara nyingi hakuna kilichotokea. Ndiyo maana ofisini kwangu haikuanguka hata siku moja: mimi sikuwa nikizima mizani ili kuokoa betri, karani alikuwa akiizima. Nilimwandikia mtengenezaji na kumweleza. Kabla hajajibu, mchakato wa mizani uliendelea kufa mara moja moja, na karani hakunipigia tena kwa sababu hiyo. Kwake ilikuwa sekunde mbili za kusubiri.

Swali la yule mzee nalijua sasa. Lile daftari la zamani halikuwa na shida. Lilikuwa na sifa ambayo programu yangu ilikosa: karani aliandika mstari mmoja kwa kila mkulima, kwa wino, kabla ya kumwita anayefuata. Kalamu ikiisha wino kwa mtu wa 44, wale 43 hawapotei. Wahenga walisema ajali haina kinga, na pia walisema akiba haiozi. Mwandishi wa programu anahitaji zote mbili.

Kilo zile za mzee hazikurudi. Nilimlipa mwenyewe tofauti niliyoweza kukadiria, akaipokea, akaniambia nisiache kumpa karani daftari. Hadi leo kituo kile kina daftari karibu na mizani.

Haya, kwa leo niishie hapo. Kama programu yako imewahi kufa na mali ya mtu, tusimulie nasi tujifunze. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.